Dawa ya kumwaga kwenye tenki kusafisha nozo, inasaidia kweli au tunapoteza hela?

KijanaWaMwakaleli

Wakuu habari zenu. Naomba msaada hasa kwa mafundi na nyie mnaoendesha huku kwetu milimani, maana nimeshauriwa na kila mtu mpaka sijui nishike lipi.

Nina Toyota IST ya 2004, injini 1NZ cc 1500, otomatiki. Niliinunua mkononi ikiwa na kilomita laki moja na sabini, sasa hivi inaelekea laki mbili. Nakaa Uyole, kazi yangu ni maparachichi na ndizi za Rungwe, msimu wa mpunga nashuka mpaka Kyela, kwahiyo hiyo barabara naipiga mara mbili mpaka tatu kwa wiki. Tangu mwezi wa pili gari imebadilika. Asubuhi nikiwasha, na mnajua baridi la Uyole, ikiwa silensa, yaani imewashwa bila kukanyaga mafuta, inatetemeka mpaka kioo cha pembeni kinacheza, ikishapata moto inatulia ila sio kama zamani. Shughuli yenyewe iko kwenye kurudi, nikishapita Kiwira naanza kupandisha Isongole gari inanguruma tu haiendi, inashuka gia yenyewe, naminya mafuta mpaka mwisho na malori ya ndizi yananifikia nyuma. Mafuta nayo, zamani lita moja nilikuwa naenda kilomita 14, sasa hivi 12 au pungufu.

Taa ya injini ikawaka. Nikaenda dukani kununua taa ya breki tu, muuzaji akanisikiliza gari inavyounguruma akaniambia kaka hizo ni nozo, vile vinavyopuliza petroli kwenye injini, zimeziba, chukua hii chupa mimina kwenye tenki. Elfu 25. Nikamimina, wiki ya kwanza nikaona kama ina nafuu kidogo, wiki ya pili imerudi palepale. Nikarudi, akasema uchafu ulikuwa mwingi ongeza nyingine. Nikaongeza. Hakuna kitu. Akanipa ya tatu, hii sijaifungua iko hapa kwenye dashibodi naiangalia.

Swali langu, hizi dawa zinafanya kazi kweli ndani ya injini? Na hii ya tatu niweke au nisiweke? Pesa ya kubahatisha sina, gari ndio jembe langu.

Mnyalukolo_Ipogolo

Kamwene mkuu. Kwa uzoefu wangu zinafanya kazi. Mimi nina Premio nakaa Iringa, kila nikikaribia kumwaga oili namimina chupa moja, mwaka wa nne huu sijawahi kugusa nozo. Ila sijawahi kuisubiri gari iugue ndio niweke dawa, naweka ikiwa nzima.

fundi_mafiati

Mkuu usiifungue hiyo chupa ya tatu kwanza. Nisome taratibu maana nitaandika kirefu, hili jambo kila wiki mtu ananiletea gari akiwa ameshamimina chupa tatu nne.

Kwanza jibu la swali lako, ndiyo zinafanya kazi, lakini kwenye uchafu wa aina moja tu na watu hawaambiwi hilo wakati wa kuuziwa. Kwenye mfumo wa mafuta kuna uchafu wa namna mbili. Wa kwanza unatokana na petroli yenyewe. Ukizima injini ikiwa ya moto, joto linapanda mpaka kwenye ncha ya nozo, zile tone chache za petroli zilizobaki pale zinaiva kama mafuta yanavyoganda kwenye kikaango, zinabaki utando wa kahawia, kama gundi. Kesho tena, keshokutwa tena. Baada ya miezi na miaka vile vitundu vidogo vinabadilika umbo, petroli badala ya kutoka kama ukungu inatoka kama mkojo, haichanganyiki vizuri na hewa. Vivyo hivyo kaboni inajishika nyuma ya valvu za kuingiza hewa. Huu ndio uchafu ambao dawa nzuri inauyeyusha.

Wa pili ni uchafu ulioingia kutoka nje, kutu ya tenki, kutu ya pipa, mchanga, maji, nyuzi za kitambaa mtu alichochujia. Huu hauyeyuki kwa dawa ya chupa hata uweke katoni nzima. Dawa inayeyusha gundi, haiyeyushi kutu. Tena ukiweka dawa kali kwenye tenki kuukuu inaweza kubandua takataka zilizokuwa zimetulia chini zikaenda kujaa kwenye chujio, gari ikawa mbaya kuliko mwanzo.

Sasa tuje kwenye gari yako. Inatetemeka silensa, haina nguvu mlimani, taa imewaka. Hapo naweza kukutajia vitu kumi na nozo ni kimoja tu kati ya hivyo. Plagi zimechoka, koili moja inakata moto, ea klina imejaa vumbi la huko mashambani, sensa ya kupima hewa imechafuka, mpira wa hewa umepasuka kwahiyo injini inavuta hewa isiyopimwa, pampu ya mafuta imedhoofika, chujio limeziba, masega ya kusafisha moshi ndani ya ekzosi yameyeyuka yamefunga njia. Na huo ulaji wa mafuta unaweza kuwa wa tairi zenye upepo mdogo au breki ya nyuma inayoshika, umewahi kugusa rimu baada ya safari ukaona moja ni ya moto kuliko zenzake?

Kitu kingine ambacho watu wa huku tunakisahau ni mwinuko. Kyela pale uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini ni 1,700 hivi, na hapo Isongole mpaka Isyonje unavuka 2,000. Hewa inapungua kadri unavyopanda. Injini isiyo na tabo kadirio la mafundi ni kwamba inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila mita 300 unazopanda. Piga mwenyewe kutoka Kyela mpaka Isongole, ni kama asilimia 15 imeondoka na gari haina ugonjwa wowote. Mtu akija kutoka Dar anasema gari yangu imekosa nguvu kufika Mbeya, anauziwa chupa. Gari za nozo kompyuta inapima hewa inapunguza petroli ilingane, za kabureta haziwezi ndio maana pikipiki nyingi za huku ukifungua plagi unakuta nyeusi tii.

Lakini wewe unasema zamani ilikuwa inapanda vizuri, kwahiyo mwinuko sio sababu, kuna kitu kimeharibika. Nenda kapime kwa skana, mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Usikubali fundi asome tu kodi, ile namba ya kosa iliyowasha taa, akaifuta. Mwambie akuonyeshe fyueli trimu. Hiyo ni asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza ili mchanganyiko ukae sawa. Gari nzima inacheza karibu na sifuri, ikiwa ndani ya 10 kujumlisha au kutoa hatuna wasiwasi. Ikisoma kujumlisha 15, 20, maana yake kompyuta inahangaika kuongeza petroli kwasababu haiitoshi, au kuna hewa ya wizi inaingia. Naomba ukapime halafu uje na namba, na hiyo kodi.

MamaNjegere_Mafinga

Fundi asante kwa hayo maelezo, natamani ningeyasoma mwaka jana.

Mimi gari yangu ni Noah ile ya D4, AZR60, nabebea njegere na viazi kutoka mashambani kuja Mafinga. Ilianza hivyohivyo, silensa inashuka inataka kuzima, ukiweka D inashtuka. Nilimimina dawa kwa miezi mitatu mfululizo, kila chupa nilikuwa naambiwa hii ndio ya Ulaya hii ndio yenyewe. Mwisho kaka mmoja fundi hapa akaniambia mama, gari yako hii petroli haipiti kwenye valvu. Sikumwelewa. Akanichorea chini kwa kijiti. Gari za kawaida nozo inapuliza petroli kabla ya valvu, kwahiyo petroli ikipita inaziosha zile valvu kila siku, na ukiweka dawa inapita hapohapo inaosha. Hizi za D4 nozo inapuliza moja kwa moja ndani ya silinda. Valvu inapitiwa na hewa tu na ule mvuke wa oili na moshi unaorudishwa. Hakuna kinachoiosha.

Akafungua manifodi mbele yangu. Jamani, kile nilichokiona sitakisahau, njia ya hewa ambayo inatakiwa mkono wa mtoto upite ilikuwa imebaki kitundu cha kupitisha kidole, pembeni kote ni kitu cheusi kama lami iliyochanganywa na masizi, unakwangua kwa bisibisi kinatoka vipande vipande vimelowa oili. Alikaa nacho siku nzima, akakwangua, akaloweka, akapuliza. Jioni nikawasha, gari ikanyamaza nikadhani imezima.

Kwahiyo mwenye Noah, Voxy, RAV4, Premio na Allion zenye D4 kwenye mfuniko wa injini, jueni dawa ya tenki inaweza kufika kwenye ncha ya nozo, kwenye valvu haifiki.

Kitonga_Usiku

Naongezea upande wa dizeli kwasababu madereva wenzangu wanapoteza hela sana.

Nina miaka 11 barabarani, nilianza na Fuso la mbao Mafinga - Dar, sasa hivi naendesha Hilux ya ofisi yenye injini ya dizeli ya 1KD. Dizeli adui yake mkubwa ni maji. Hizi injini za komoni reli, ambazo nozo zote zinalishwa na bomba moja la shinikizo kubwa, shinikizo la mafuta linapita bar 1,300, nozo ina vitundu ambavyo macho yako hayavioni, tone la maji likipita pale kile chuma kinakwanguka, na dizeli ndio inayolainisha pampu, maji hayalainishi. Chini ya filta ya dizeli kuna sehemu ya kutenganisha maji, ina kiskrubu. Nakifungua kila wiki wakati wa mvua, naweka kikombe cheupe, naacha itoke kidogo. Kuna siku baada ya kujaza sehemu fulani njiani nilitoa nusu kikombe, chini maji juu dizeli, yamejitenga unaona mstari kabisa. Ningekuwa mtu wa kumimina dawa na kuendelea na safari ningeua nozo nne, na nozo moja ya 1KD bei yake mnaijua.

Zamani tulikuwa na balaa la kuchanganyiwa mafuta ya taa kwenye dizeli, wazee wa barabara mnakumbuka uchakachuaji ulivyokuwa. EWURA, wasimamizi wa mafuta wa serikali, walianza kuweka vinasaba, yaani alama ya kuyatambua, kwenye mafuta 2010, na mwaka uliofuata ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa, ule mchezo ukapungua. Ila mafuta ya madumu pembeni ya barabara hakuna anayeyapima.

Na tafadhali, usichukue dawa iliyoandikwa petroli ukaweka kwenye dizeli. Nimeona mtu Makambako anafanya hivyo anasema dawa ni dawa. Na lori likitoa moshi mweusi mlima Kitonga usikimbilie chupa, kagua ea klina na bomba la tabo kwanza, mara nyingi ni bomba limechanika hewa inatokea njiani.

DukaLaSpea_Kabwe

Mimi nauza hizi dawa na sioni haya kuzisema ukweli wake, mteja akidanganywa leo kesho harudi.

Chupa hazifanani. Kemikali inayosafisha kweli kwenye gari za petroli inaitwa polyetheramine, kifupi PEA. Uzuri wake inavumilia joto, inasafisha nozo, inasafisha valvu na inafika mpaka juu ya pistoni. Techron ya Chevron ni mfano wa dawa zinazojulikana kwa kutumia PEA. Kuna nyingine inaitwa PIBA, hiyo ni ya siku nyingi, inasafisha nozo na valvu vizuri lakini ndani ya chumba cha moto haifanyi kitu, ikizidi na yenyewe inaweza kuacha masizi yake. Halafu kuna chupa za bei rahisi ambazo ukiisoma karatasi yake ya usalama, hiyo unaitafuta mtandaoni kwa jina la bidhaa, unakuta karibu yote ni kimiminika cha jamii ya mafuta ya taa na harufu. Hiyo inalainisha uchafu mbichi kidogo, basi. Usisome maandishi makubwa ya mbele, soma kilichomo.

Wenzetu Marekani tangu 1995 sheria inalazimisha kila petroli inayouzwa iwe na kiasi fulani cha sabuni ya kusafishia, na 2004 watengenezaji wa magari wakiwemo Toyota, Honda, BMW na GM wakaona kile kiasi hakitoshi wakaanzisha kiwango chao cha juu zaidi kinaitwa Top Tier. Kama hizi sabuni zingekuwa maneno matupu, mtengenezaji wa gari asingejisumbua. Kwahiyo anayesema dawa zote ni utapeli anakosea, na anayesema chupa inarudisha nguvu za gari iliyochoka naye anakosea.

Kipimo pia. Chupa ya kawaida ya mililita 300 na kitu imepimwa kwa tenki zima, lita 50 mpaka 60. Mteja anamimina yote kwenye petroli ya elfu ishirini, hiyo sio dozi tena. Jaza tenki.

Mnyalukolo_Ipogolo

Hapo kwenye kipimo nimejifunza, mimi huwa naweka kwenye nusu tenki.

Mwalimu_wa_Kemia_Njombe

Niwaongezee kidogo kuhusu petroli yenyewe maana gari nyingi za huku zinakaa. Petroli ikikaa muda mrefu inakutana na oksijeni, baadhi ya molekuli zake zinaungana zinakuwa nzito, ndio ile gundi. Kama una gari ya likizo tu, iko Makete au Ludewa inawashwa Desemba kwa Desemba, hiyo ndio itaziba nozo kuliko ya KijanaWaMwakaleli inayotembea kila siku. Safari ndefu zenye injini ya moto zenyewe zinasaidia. Kwa hiyo mimi nilivyosoma dalili zake nina mashaka kama ni gundi. Na amesema nafuu ya wiki moja. Uchafu ukishayeyuka haurudi ndani ya siku saba.

KijanaWaMwakaleli

Ndaga fijo wote. Nimewasoma wote mara mbili. Leo Jumamosi nimeshinda gereji, naleta majibu kama fundi alivyotaka.

Kodi iliyosomeka ni P0171, maana yake petroli ni kidogo kulinganisha na hewa. Fyueli trimu ikiwa silensa ilisoma kujumlisha 12, tukapanda nayo kamlima huku skana imechomekwa ikapanda mpaka kujumlisha 21. Fundi wa hapa akasema ingekuwa hewa ya wizi ingekuwa mbaya zaidi silensa halafu ingepungua ukiminya mafuta, yako inazidi kadri unavyoitaka nguvu, kwahiyo petroli haifiki ya kutosha. Akafunga geji ya presha kwenye bomba la mafuta. Anasema hii injini inatakiwa isome bar 3 na kidogo, yangu ikawa 2.4, ukiminya inashuka.

Tukang'oa kiti cha nyuma. Mimi nilikuwa sijui kama chujio la petroli la IST liko ndani ya tenki pamoja na pampu, nimekaa na gari miaka miwili nikiulizwa filta umebadilisha nasema ndiyo, kumbe nilikuwa nasemea ya oili. Pampu ilipotoka, ile soksi yake ya chini ambayo ikiwa mpya ni nyeupe ilikuwa na rangi ya udongo mwekundu. Fundi akaiminya kwa vidole viwili ikatoa tope, tope kabisa wakuu, linateleza na ndani yake kuna chembe chembe ukizisugua mkononi zinakwaruza. Chini ya tenki kwa tochi tukaona vitu kama majani ya chai yamelala kwenye kona.

Nilikaa chini pale nikawa najiuliza limetoka wapi, ndio nikakumbuka. Mwezi wa kwanza na wa pili, kule ndani ndani ninakochukulia maparachichi sheli iko mbali, nilikuwa nanunua petroli kwa jamaa wa madumu. Dumu lake anafunga kwa karatasi ya nailoni na majani ya mgomba. Nadhani ni mara sita saba hivi.

Tumeosha tenki, soksi mpya, chujio jipya, ea klina nayo nimebadilisha ilikuwa imekuwa nyekundu. Presha imerudi 3.2. Trimu kwenye mlima ikawa kujumlisha 8. Nguvu imerudi. Ila silensa bado kuna katetemeko kadogo hasa ikiwa ya baridi. Fundi_mafiati unasemaje hapo?

fundi_mafiati

Umefanya vizuri sana kupima. Tazama ulivyookoka, chupa mbili zote zilipita juu ya lile tope likabaki limekaa.

Kale katetemeko sasa ndio nozo zinaweza kuhusika. Ndani ya kila nozo juu kuna kichujio kidogo kama kofia, ukubwa wa punje ya mchele, vumbi lililopenya kwenye soksi linakwenda kukamatwa pale. Toa nozo zote nne, tafuta gereji yenye mashine ya kupimia, Mbeya zipo. Zinafungwa juu ya mirija minne ya kioo, mashine inazifungulia kwa sekunde zilezile, unaona kwa macho kila mrija umejaa kiasi gani. Usikubali kuambiwa zimeoshwa bila kuona mirija kabla na baada. Halafu zinawekwa kwenye bakuli la maji yanayotetemeshwa kwa mawimbi ya sauti, hiyo ndio inatoa kilichoshindikana na dawa. Hivyo vikofia na oringi wabadilishe, oringi ya zamani ikirudishwa inaweza kuvuja petroli juu ya injini ya moto, hapo gari inaungua.

Na plagi zitoe uziangalie wakati ziko wazi. Plagi tatu kahawia na moja nyeupe au nyeusi, hiyo silinda ndio inayokusumbua.

MamaNjegere_Mafinga

Kijana pole. Na hayo ya madumu ni ya kweli, sisi wa mashambani tunajikuta hatuna njia. Mimi siku hizi natembea na dumu langu safi nalijaza sheli ya mjini kabla sijaingia porini, nimelifunga vizuri nyuma, sinunui tena kwa mtu. Ila kwenye joto sijazi mpaka juu na silibebi ndani nikiwa na watoto.

KijanaWaMwakaleli

Mama nimelipenda hilo, nitafanya hivyo.

Wakuu mrejesho wa mwisho. Nozo nimepimisha jana. Mirija mitatu ilijaa karibu sawa, 61, 62, 60, wa nambari tatu ukasimama 47, na wakati wengine wanapuliza ukungu ule wa tatu ulikuwa unatoa mstari umepinda pembeni. Plagi ya nambari tatu ilikuwa nyeupe kuliko zenzake, sawasawa na ulivyosema. Vile vikofia vilipotolewa cha nambari tatu kilikuwa na vumbi jekundu lilelile la kwenye soksi. Baada ya kuoshwa mirija yote minne 62, 63, 62, 62, nimepiga na picha nimeiweka kwenye simu. Asubuhi ya leo nimewasha saa kumi na moja na baridi lake, nikaweka kikombe cha chai juu ya dashibodi, chai haikucheza.

Lile la ulaji wa mafuta bado napima, nimejaza tenki na nimeandika kilomita. Na rimu nilizigusa, ya nyuma kushoto ni ya moto kweli, breki inashika, wiki ijayo naishughulikia.

Swali dogo limebaki, hii chupa ya tatu sasa niifanyeje? Duka la spea Kabwe, nimeangalia kwenye ile karatasi yake mtandaoni, hii ina PEA imeandikwa kabisa. Zile mbili za kwanza zilikuwa za kampuni nyingine sijaona kitu.

DukaLaSpea_Kabwe

Basi hiyo ni mali, usiitupe. Hata nozo zikiwa safi, gari yako ni ya kupuliza kabla ya valvu na imetembea karibu laki mbili, nyuma ya valvu hakukosi kaboni. Hapo ndipo hiyo chupa ina kazi.

fundi_mafiati

Naunga mkono. Ila isimimine leo, subiri ubakize kilomita kama mia nne au mia tano kufika kumwaga oili, kwasababu sehemu ndogo ya hizo dawa na masizi inayobandua inapita kwenye ringi za pistoni inaingia kwenye oili, ukimwaga oili unatoka nayo. Mimina kwanza chupa, halafu jaza tenki juu yake ili ichanganyike, na tenki hilo lote ulitumie kwenye safari ndefu, usikae nalo mjini unawasha na kuzima.

KijanaWaMwakaleli

Imebaki kilomita 600 oili kumwagwa. Jumatatu naenda Kyela kurudi, Jumatano tena Kyela. Jumatano asubuhi naimimina hapa Uyole, halafu najaza tenki hapohapo.